Laptopu ya usanifu majengo: uliza wati za kadi kabla ya kuuliza jina lake

Malalamiko yanafanana kila mara. Watu wawili wamenunua laptopu zenye RTX 4060, kadi ya grafiki ya Nvidia, zote RAM 16, zote SSD, wamefungua modeli ile ile kwenye Lumion, programu ya kugeuza mchoro wa jengo kuwa picha na video. Kwa mmoja jengo linazunguka bila shida. Kwa mwingine picha inakwamakwama, feni zinapiga kelele, na video ya sekunde chache inarendwa, yaani inatengenezwa kutoka kwenye modeli, hadi mtu anaenda kulala. Muuzaji akifuatwa anajibu kwamba programu yenyewe ni nzito. Tatizo haliko kwenye programu. Liko kwenye wati, yaani umeme ambao kadi inaruhusiwa kula.

Ukubwa wa skrini na ukubwa wa SSD sitavigusa sana, kwa sababu hivyo kila mtu anavisoma kwenye karatasi ya bei. Kinachowaumiza wasanifu wengi hakipo kwenye karatasi hiyo.

Kadi za RTX 4050, 4060 na 4070 za laptopu, Nvidia imewaachia watengenezaji wazipe umeme wowote kati ya wati 35 na 115. Juu ya hapo kuna Dynamic Boost, mpango wa kuazima hadi wati 25 kutoka kwa prosesa ikiwa haina kazi nyingi, na ndiko inakotoka ile 140 unayoiona kwenye matangazo. Sasa fikiria RTX 4060 mbili: chipu ni ile ile, memori ya kadi ni ile ile ya GB 8, kibandiko ni kile kile, lakini mashine moja inapewa umeme mara tatu ya mwenzake. Iliyobanwa ni basi lenye injini kubwa lililofungwa kidhibiti mwendo: usajili unasema injini kubwa, barabarani unapitwa na kila mtu.

Zamani kidogo kulikuwa na dalili. Kadi iliyopunguziwa umeme ilibeba neno Max-Q kwenye jina lake, ukajua unanunua nini. Kwenye kizazi cha RTX 30, mwaka 2021, tofauti hiyo ikaondoka kwenye jina. Watengenezaji waliambiwa waandike wati kwenye kurasa za bidhaa zao, na wapo wanaoandika vizuri. Wengine wanaziweka chini kabisa kwa herufi za mchwa, na ikifika kwa muuzaji wa rejareja taarifa imeshapotea.

Usikimbilie 140 hata hivyo. Kwa RTX 4060, kutoka wati 45 kwenda 80 tofauti unaiona kwa macho. Kutoka 80 kwenda 100 bado ipo. Ukivuka 100 faida inakuwa ndogo sana, unaongeza joto na kelele tu. Kwa hiyo tafuta mashine ya wati 90 na kuendelea, na usimlipe mtu ziada kwa sababu ya 140 badala ya 115. Jambo la pili: jina kubwa haliokoi wati ndogo. RTX 4070 iliyofungiwa kwenye wati 50 ndani ya laptopu nyembamba inaweza kuachwa nyuma na RTX 4060 yenye umeme kamili, ilhali bei yake iko juu.

Haya yanamhusu nani? Anayetumia Lumion, Enscape, D5 Render, Twinmotion au V-Ray upande wa GPU, yaani inayorenda kwa kadi ya grafiki. Hizo zinakula kadi. Corona ni kinyume, inarenda kwa prosesa peke yake, kadi yako ya kifahari itakaa inatazama. Na kama kazi yako ni kuchora plani na kujenga modeli kwenye AutoCAD, Revit au Archicad bila kurenda, kinachotawala ni kasi ya kiini kimoja cha prosesa, maana sehemu kubwa ya kazi za programu hizi inafanyika kwenye kiini kimoja kwa wakati. Huyo asipoteze hela kwenye kadi kubwa.

Kwenye prosesa nako kuna mtego wa herufi ya mwisho. Muuzaji anasema "hii ni Core i7", anaishia hapo. Core i7-1355U ni prosesa ya wati 15, ina viini 2 tu vya nguvu, vilivyobaki ni vile vidogo vya kuokoa betri. Core i5-13500H ni ya wati 45, ina viini 4 vya nguvu. Kwa kazi inayochukua dakika nyingi mfululizo, hiyo i5 inaipiga i7. Herufi U achia watu wa barua pepe. Wewe tafuta H, HS au HX.

Kupima wati si kazi ya fundi, unafanya mwenyewe kabla hujatoa pesa, mradi mashine imewashwa na draiva za Nvidia zimo:

1. Chomeka chaja iliyokuja na mashine. Kwenye betri laptopu za namna hii zinajibana, kipimo chako kitakuwa cha uongo. Chaja ya USB-C ya wati 100 nayo haifai kwa kipimo hiki.
2. Weka hali ya nguvu kamili. Kwenye Lenovo Legion ni Fn+Q mpaka taa ya kitufe cha kuwashia iwe nyekundu. Wengine wana programu yao, Armoury Crate kwa Asus, Omen Gaming Hub kwa HP.
3. Fungua Nvidia Control Panel, ingia Help, kisha System Information. Tafuta mstari wa Maximum Graphics Power. Namba iliyopo hapo ndiyo kikomo.
4. Usipouona, fungua Command Prompt uandike nvidia-smi -q -d POWER, usome Max Power Limit.
5. Kikomo ni ahadi tu. Endesha kitu kizito, iwe mandhari yako ya Enscape au jaribio la GPU la Cinebench 2024 (programu ya kupima kasi), kwa dakika 20 hadi 30, huku dirisha la pili likiendesha nvidia-smi -l 1. Hiyo inasoma wati na joto kila sekunde.

Dakika tano za kwanza karibu kila mashine inapendeza, chuma bado ni baridi. Angalia dakika ya 20. Mashine iliyoanza na wati 105 ikashuka 65 na kubaki hapo, imeshindwa kutoa joto, na hiyo 65 ndiyo laptopu unayonunua. Kadi ikikaribia nyuzi 87 inaanza kujipunguza yenyewe. Kosa linalofanya laptopu nzuri ishindwe mtihani huu mara nyingi ni kuwekwa juu ya kitambaa au kuzibwa matundu ya chini, kwa hiyo inyanyue nyuma kidogo kabla hujaihukumu.

Sasa nafasi zenyewe, na nisijifanye sina upande: naipendelea Lenovo Legion, hasa Legion Pro 5 ya inchi 16.

Sababu ya kwanza ni uwazi. Lenovo ina tovuti yake ya vipimo, PSREF, ambako kila toleo limeandikwa wati za kadi. Unaandika namba ya modeli iliyo chini ya mashine, unasoma, ubishi umekwisha. Pro 5 ya 2023 yenye RTX 4060 imeandikwa 140. RAM yake ni vijiti viwili unavyoweza kubadilisha, SSD ina nafasi mbili, skrini ni 2560 kwa 1600, yaani ina urefu wa kuonyesha paleti za Revit bila kumeza mchoro. Kibodi ina namba pembeni, na mtu anayeingiza vipimo vya AutoCAD kwa mkono anajua thamani yake. Ubaya wake: ina kama kilo 2.5, chaja ni tofali, na betri haikufikishi mbali. Kama kila siku unapanda nayo magari ya kwenda saiti, bega litalalamika. Mimi naona ni bei ya haki.

Nafasi ya pili naiweka Asus TUF Gaming A15. Ya 2023 yenye RTX 4060 nayo inafika 140, na RAM inabadilishika. Tatizo lake la miaka mingi ni skrini za matoleo ya chini, rangi zimefifia. Utamwonyesha mteja ukuta wa udongo mwekundu, kwenye projekta utoke tofauti. Tafuta toleo lililoandikwa sRGB asilimia 100, hicho ndicho kipimo cha rangi za skrini. HP Victus 16 iko karibu na hapo. Victus 15 ipime kwanza kwa hatua nilizotaja, usinunue kwa kufananisha majina. Lenovo LOQ nayo inakubalika kwa anayeitaka Legion lakini mfuko haujafika.

Ya tatu ni mashine za kiofisi zenye kadi za kitaalamu: ThinkPad P16, HP ZBook Fury, Dell Precision. Zina vibali vya Autodesk, wenye AutoCAD na Revit, na draiva zilizojaribiwa, zinafunguka na kutengenezeka vizuri. Ofisi yenye mkataba wa huduma ina sababu ya kuzichukua. Mtu binafsi ajue kwamba RTX 2000 Ada ya laptopu ina viini 3,072 vya CUDA (viini vya kukokotoa vya kadi za Nvidia) na memori ya GB 8, sawasawa na RTX 4060. Analipia kibali na huduma, hanunui kasi. Na wati zake nazo hutofautiana vile vile, kwa hiyo mtihani ni ule ule.

Ya nne ni zile nyembamba nzuri za kupendeza. Dell XPS 15 ya 2023 ilikuja na RTX 4070 iliyobanwa kwenye takriban wati 50. Jina la kuringia, lakini Lumion haiangalii alumini. Asus Zephyrus G14 ina afadhali kwenye wati, lakini ya 2024 RAM yake yote imelehemiwa kwenye bodi. Uliyonunua nayo ndiyo utazikwa nayo.

MacBook Pro naitenga. Kama maisha yako ni Archicad, SketchUp, Vectorworks, Rhino na Twinmotion, ni mashine tulivu, na haishuki nguvu ukichomoa chaja. Lakini Revit na 3ds Max hazina toleo la Mac, na Mac za chipu za Apple hazina Boot Camp ya kukuwekea Windows. Ofisi yako ikihamia Revit mwakani, umekwama.

Za bei ya chini sitazipa nafasi kubwa. Isiyo na kadi ya pekee inachora plani za AutoCAD na modeli ndogo za SketchUp, basi. RTX 3050 ya GB 4 inafungua Enscape, ila mandhari yenye miti na fanicha itajaza memori, na ikijaa programu inaweza kujifunga bila kuhifadhi. Pesa hizo ukizielekeza kwenye Legion ya zamani iliyotumika vizuri, yenye RTX 3060 ya GB 6, umefanya jambo la maana kuliko mpya dhaifu.

Kwa RAM, watumiaji wa Revit wana kanuni ya kukadiria: zidisha ukubwa wa faili mara 20. Modeli ya MB 500 inataka karibu GB 10 peke yake, kabla hujafungua Enscape, kivinjari na PDF za mhandisi. GB 32 ndiyo ya kufanyia kazi. Na iwe vijiti viwili. Kijiti kimoja cha 16 kinatumia njia moja badala ya mbili, na kasi ya kusoma memori inashuka kwa nusu. Wauzaji wanapenda kijiti kimoja kwa sababu "utaongeza baadaye", kisha ukirudi wanakupa bei ya kijiti inayokaribia mara mbili ya unayoipata ukinunua mwenyewe na kukifunga kwa bisibisi.

Na kwa kuwa tumefika kwa wauzaji: upo mchezo unaonikera kuliko yote. Anakufungulia Task Manager, anakuonyesha "GPU memory 12 GB", anakwambia kadi ni ya GB 12. Ile namba imejumlisha memori ya kadi na nusu ya RAM ya mashine inayoweza kuazimwa. Kadi ya GB 4 kwenye mashine ya RAM 16 inasomeka 12 hivi. Soma mstari wa Dedicated GPU memory tu. Akibisha, mashine yenye 8 halisi iwashe pembeni uone inavyosomeka 16. Wapo wanaoandika hivyo kwenye tangazo bila aibu, na bei wanaipandisha kulingana na namba hiyo ya uongo.

Ukishanunua, kabla hujasema mashine ni mbovu, hakikisha programu inatumia kadi yenyewe. Laptopu nyingi zina grafiki mbili, na Windows wakati mwingine inaipa Revit ile ndogo ya ndani ya prosesa. Ingia Settings, System, Display, Graphics, ongeza programu yako, chagua High performance. Kwenye AutoCAD andika GRAPHICSCONFIG. Jina la kadi litatokea juu ya dirisha. Likiwa Intel au AMD Radeon Graphics wakati umelipia Nvidia, rekebisha hapo, kisha rudia kupima wati.