Yamaha A-S301: amplifaya ya sebule isiyo na pande mbili sawa

Sebule nyingi za nyumba mpya za mitaa ya Kisasa na Ilazo, hapa Dodoma, zimeungana na dainingi. Spika ya kulia inakaa karibu na ukuta mtupu, ya kushoto inaangalia uwazi, na chini ni vigae kila mahali. Ukuta unairudisha sauti ya kulia, hasa besi, uwazi unaimeza ya kushoto, halafu mtu anaamini spika imechoka. Kwa chumba cha namna hiyo Yamaha A-S301, yenye wati 60 kila upande kwa spika za om 8, ina kitu ambacho amplifaya nyingi ndogo za siku hizi hazina: nobu ya kushikika ya balansi, yaani ya kugawa nguvu ya sauti kati ya kushoto na kulia.

Kosa linalowasumbua wengi ni kitufe cha Pure Direct. Kikiwaka, sauti inazikwepa nobu za besi, trebo (sauti nyembamba), loudness (ya kukoleza sauti ikiwa chini) na balansi. Utazungusha nobu mpaka mwisho na hakuna kitakachobadilika, ukadhani mashine ni mbovu. Kizime kwanza, loudness iwe FLAT, besi na trebo ziwe katikati.

Kabla ya kugusa balansi, chukua futi ya fundi upime kutoka kiti unachokalia hadi kila spika. Sentimita 34 za tofauti huichelewesha sauti kwa takriban milisekunde 1, na balansi hairekebishi muda, inapunguza nguvu ya upande mmoja tu. Sogeza spika kwanza. Kisha washa mono kwenye simu, yaani sauti ile ile kwa spika zote mbili, katika mipangilio ya ufikivu. Humo humo kuna kitelezi cha kushoto na kulia, nacho mara nyingi hukutwa kimesukumwa pembeni bila mwenye simu kujua. Cheza sauti ya mtu anayeongea, mfano taarifa ya habari. Sauti ikitoka katikati ya spika mbili, acha nobu ilipo. Ikiegemea kulia, zungusha kushoto kidogo kidogo.

Hapa ndipo A-S301 inapoudhi: rimoti inaongeza na kupunguza sauti lakini haigusi balansi. Lazima mmoja akae kwenye kiti na mwingine azungushe. Ukiinama mbele ya mashine unasikiliza mahali pasipo pako.

Ikibidi kuzungusha zaidi ya robo ya njia, huenda si suala la chumba pekee. Zima umeme kabisa, badilishana waya za spika nyuma ya amplifaya, za kushoto ziende kulia. Unyonge wa sauti ukibaki kwenye spika ile ile, kagua spika, waya wake au mahali ilipokaa. Ukihamia spika ya pili, tatizo liko kwenye amplifaya au kinachoilisha. Badilishana sasa pini nyekundu na nyeupe kwenye ingizo. Unyonge ukihama tena, ni simu au waya wa AUX unaoiunganisha na amplifaya. Usipohama, ni amplifaya. Na kama mtangazaji hasikiki katikati wala pembeni, sauti imetawanyika na besi imepotea, spika moja imefungwa chanya kwenye hasi.

Mafundi hupenda kulaumu waya mrefu. Mita 3 za ziada za waya wa milimita 1.5 za mraba kwa spika ya om 8 hazipunguzi sauti hata kwa desibeli 0.1, tofauti ambayo sikio haliijui.

Vumbi la kiangazi la Dodoma ndilo adui wa kweli. Nobu ikianza kukwaruza na upande mmoja kukatika ukiigusa, chomoa umeme, izungushe mwanzo hadi mwisho mara 20 hivi. Isipopona, fundi apulizie dawa ya kusafishia kontakti ndani ya potenshomita, kile kifaa kinachozungushwa na nobu. Kitambaa juu ya mashine kitolewe kabla ya kuwasha, matundu yale ni ya kutolea joto.

Ukiikuta ya mtumba kutoka Japani, soma kibandiko cha nyuma: ya kule ni ya volti 100, na ukiichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230 bila transfoma ya kushusha umeme, inaungua.