Mnara wa taa uliokataa kuwaka: uzoefu wangu na matofali yanayokuja na taa zake

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika. Wiki kadhaa zilizopita mimi na binti yangu tulifungua boksi la matofali ya kuchezea, yale ya kujenga mnara wa taa wa kuongozea meli, na taa zake zimo humo humo, si za kununua pembeni. Tulikuwa tumelingoja sana. Usiku ule yeye alilala analia, mimi nikakesha na kisirani.

Kufungua kwenyewe kulikuwa raha, siwezi kudanganya. Vifuko vina namba, hakuna kipande hata kimoja kilichopungua. Taa zilikuwa na mfuko wao peke yake: nyaya nyembamba kama unywele, na mwisho wa kila waya kuna LED ndogo kuliko punje ya mchele. Binti yangu aliishika kwa ncha za vidole, hapumui, akihofia kuivunja. Hapo nilikuwa tayari kuwapa nyota zote tano.

Tatizo ni kijitabu cha maelekezo. Waya wa taa ya juu, ile taa ambayo bila yake huo si mnara wa taa tena, unaanzia kwenye kisanduku cha betri chini kabisa, unapanda ndani ya ukuta, ghorofa kwa ghorofa, hadi kileleni. Kila tofali unaloweka linaufunika. Sasa niambieni, hatua ya kujaribu taa ingekaa wapi? Mwanzoni, kabla hujafunika chochote! Wao wameiweka ukurasa wa mwisho. Tumejenga tangu mchana, tumeweka paa, tumezima taa ya chumbani, binti yangu amehesabu moja, mbili, tatu, nikabonyeza. Madirisha ya chini yakawaka. Juu, giza.

Nilikagua plagi nikidhani nimeichomeka kinyume, maana LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Ilikuwa sawa. Nikabadilisha betri zote tatu. Nikaachana na betri, nikatumia kebo ya USB. Giza lile lile.

Nikawaandikia waliotuuzia, kwa adabu na picha juu. Jibu lao lilikuwa mistari miwili: waya umebanwa na mteja wakati wa kujenga, si kosa la kiwandani. Hata pole hakuna. Mteja! Mteja aliyefuata mchoro wao hatua kwa hatua, pembeni yake mtoto anasoma kila namba kwa sauti ili wasikosee!

Tukaubomoa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kubomoa mnara mzima kutafuta jeraha la waya mmoja. Na tulilikuta, ghorofa ya tatu, waya umebanwa kweli. Kwa hiyo walikuwa sahihi? Subirini. Waya wa aina hii unatakiwa ulale kwenye nafasi iliyopo kati ya vinundu vya tofali, vile vya juu vinavyoshika tofali linalofuata. Pale pana kama milimita tatu, unapita bila shida. Ukilala juu ya kinundu, tofali linalofuata likigandamizwa, linaukata. Nikarudi kwenye mchoro wa hatua ile: waya umechorwa ukikatiza juu ya kinundu, waziwazi. Nikapiga picha ukurasa huo nikawatumia. Siku chache baadaye ulifika waya mpya, umefungwa vizuri, bila neno lolote.

Mara ya pili tulifuata akili yetu. Waya kati ya vinundu, hatuuvuti, tunaacha ulegee kidogo kwenye kona, na kila ghorofa ikiisha tunawasha kwanza. Ikawaka. Na hapa lazima niseme ukweli hata kama bado nimekasirika: sijawahi kuona kitu cha kuchezea kizuri namna ile. Mwanga wa juu ni wa manjano, hauumizi macho, na ule wa chini unatoka madirishani kana kwamba ndani kuna watu wanakula chakula cha jioni. Binti yangu alikaa sakafuni akiuangalia bila kusema kitu, na yeye si mtoto wa kunyamaza.

Nilikuwa nimeandika nyota moja na maneno makali kwamba msinunue kabisa. Nimeyafuta. Nunueni, ila jaribuni kila waya kabla hamjaweka tofali la kwanza, na mchoro wa ghorofa ya tatu msiuamini. Nyota nne.

Naongeza hili baada ya siku mbili: dirisha moja la chini limeanza kupepesa. Nimewaandikia tena, kimya. Nashusha ziwe mbili, na safari hii sibomoi mpaka wanijibu.