Unahamisha CD za muziki? Nunua draivu, RAM iache

CD moja ikichukua robo saa kuingia kwenye kompyuta, wengi hukimbilia kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta. Hela ya bure hiyo. Hata prosesa ya miaka kumi iliyopita hugeuza wimbo kuwa faili la MP3 au FLAC upesi kuliko CD inavyosomeka. Anayekuchelewesha ni draivu, kifaa kinachosoma CD.

Namba moja kwangu ni draivu pana ya kompyuta ya mezani, ya waya wa SATA, iliyoandikwa 48x. 1x ni kasi ya kusikiliza: CD ya saa moja husomwa saa moja. 48x ni mara 48 ya hapo, ila usitegemee dakika moja na ushee. CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, na kasi iliyoandikwa kwenye boksi hupatikana ukingoni tu; huku ndani haifiki hata nusu. CD yenye nyimbo sita haifiki ukingoni kabisa. Hata hivyo, hakuna aina inayoishinda hii, na kwa mafundi wanaofumua kompyuta za mtumba huwa haina wateja, kwa hiyo bei inaongeleka. Mwenye laptopu atafute na kasha la USB lenye adapta yake ya umeme, maana draivu hii inahitaji volti 12 na USB ya kawaida haitoi.

Ya pili ni ile nyembamba ya kuchomeka USB, 24x. Kwa CD ishirini au thelathini inatosha sana. Muuzaji akikuongezea bei kwa sababu ni USB 3.0, mwache: muziki kwa 24x ni kama megabiti 34 kwa sekunde, wakati USB 2.0 imetengenezwa kwa 480. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Ikikosa umeme wa kutosha huanza kukwamakwama.

Draivu ya Blu-ray ni ya mwisho. Kama huna filamu zake, unalipia jina.

Ukirithi masanduku ya taarabu na kwaya, draivu mbili za kawaida ni bora kuliko moja ya bei mbaya. Moja ikisoma, unabadilisha CD kwenye nyingine.

Kabla ya kulipa, nenda na CD yako ya muziki, usikubali kujaribiwa kwa CD ya data, yaani ya mafaili ya kompyuta. Zipo draivu zinazokimbia kwenye data na kujikokota kwenye muziki. Programu ya iTunes huonyesha kasi wakati inasoma. Itazame kwenye wimbo wa mwisho.

Ukifika nyumbani, angalia kama programu yako imewasha urekebishaji wa makosa. Huo hupunguza kasi, basi uzime kwa CD safi. Zilizochubuka zifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe, uwashe tena urekebishaji, kisha uziache zisome taratibu wakati umelala.