Mafunzo ya startapu kwa sisi watu wa maabara: nilichopata na nilichokosa

Nyota tatu kati ya tano. Ningewapa nne kama wangekuwa na hata mtu mmoja anayejua vitendanishi, yaani kemikali za kupimia maabara, vinaingizwaje nchi hii, na ningewapa mbili kama wasingetulazimisha kwenda sokoni Kibaigwa, Dodoma.

Kituo chenyewe kiko Dar es Salaam. Jina naliacha, kwa sababu wenzangu wa maabara bado wako ndani na mkataba wao haujaisha. Aina yake mnaijua: wanachukua watafiti wenye kitu kilichokwisha kufanya kazi maabara, wanawapa meza, mshauri na pesa kidogo ya kuanzia, na wanataka mpaka mwisho wa mafunzo uwe na kampuni iliyosajiliwa na maneno ya kuwaambia wawekezaji. Ada hawatozi, wanachukua hisa asilimia 6. Soma mkataba taratibu, na ikiwezekana mwanasheria wako ausome kabla yako.

Mimi ni mkemia wa chakula, niko Morogoro, na kazi yangu ya miaka yote ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Watu wa Dodoma na Manyara hawahitaji kuelezwa ni kitu gani. Mwaka 2016 watu 68 waliugua huko baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, 20 wakafariki. Kundi letu limetengeneza kipimo cha utepe: unasaga sampuli, unachanganya na kimiminika, unachovya, unasoma mistari palepale ghalani. Kwamba kinapima tulikuwa na uhakika. Tulichotaka mtu atusaidie ni kujua nani atatoa hela mfukoni kukinunua.

Mtaala wao wameuazima Marekani, na hawafichi. Mwaka 2011 National Science Foundation, taasisi ya serikali ya huko inayofadhili sayansi, ilianzisha I-Corps kwa kufuata somo alilokuwa akifundisha Steve Blank pale Stanford. Timu inapewa wiki 7, na ndani ya wiki hizo inatakiwa izungumze na watu 100 wanaoweza kuwa wateja. Kuzungumza tu, kuuza marufuku. Dar nao wameweka wiki zilezile na watu walewale 100, pamoja na sharti moja ambalo mwanzoni liliniudhi sana: usitoe bidhaa yako kwenye mkoba. Unamuuliza mtu mara ya mwisho alipopata hasara, ilimpataje, na alifanya nini. Basi. Mtafiti aliyekaa na kitu chake miaka sita anaambiwa asikitaje! Nilinung'unika njia nzima kwenda Dodoma.

Lakini hapo ndipo thamani ya mafunzo yao ilipo, niseme ukweli. Soko la nafaka la Kibaigwa ukilifika asubuhi, malori yamejipanga, makuli wanashusha magunia, madalali wanachoma kila gunia kwa bambo, wanamwaga punje kiganjani, wanazinusa, wanatafuna moja, bei inatajwa. Hicho ndicho kipimo chao, hakichukui hata dakika. Nikamkalia mzee mmoja mwenye mzigo mkubwa, tukaongea mvua, tukaongea lumbesa, mwishowe nikamuuliza: mzee, mzigo huu ukikutwa na sumukuvu, hasara inakuwa ya nani?

"Ya atakayejua kwanza, mwanangu."

Nikanyamaza. Akaendelea yeye: "Kama sijui, nimeuza. Nikijua, nimebaki nayo. Sasa kuna mtu wa kunilipisha nijue?"

Hakuna makala ya kitaalamu niliyowahi kusoma yenye sentensi hiyo, na nimesoma nyingi. Ripoti zetu zote zinaanza na mkulima: mkulima apatiwe kipimo, mkulima aelimishwe. Wakati pale sokoni kila aliyeshika gunia ana sababu nzuri ya kutopima, mpaka umfikie yule ambaye mzigo unaweza kumrudia. Huyo ni nani? Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Haikupita wiki wakafungua tena, lakini kwa masharti, likiwamo la cheti kinachoonyesha kiwango hakizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa hiyo mwenye lori la kwenda Namanga, mpakani na Kenya, anataka kujua kabla hajapakia. Na mwenye kiwanda cha unga wa lishe anataka kujua kabla hajapokea, maana jina lililoandikwa kwenye pakiti ni lake. Hawa wawili walituuliza bei kabla hatujawaambia tunauza nini. Timu ikakaa usiku ule ikabadili mpango wote wa biashara.

Jambo la pili lilitoka kwa mama mmoja wa unga wa lishe hapa Morogoro, siku tuliyoruhusiwa hatimaye kutoa kipimo mkobani. Vipimo vya namna yetu vinasomwa kinyume na vile watu walivyozoea. Molekuli ya sumukuvu ni ndogo, kwa hiyo inashindana na kilichopakwa kwenye utepe. Sumu ikiwa nyingi, mstari wa pili unapotea. Mistari miwili maana yake mahindi ni salama. Mama akachovya, akasubiri, ikatokea miwili. Akaita kwa sauti, "Jamani, haya yanayo!" Anakijua kipimo cha mimba kama sisi sote. Gunia zuri likawekwa pembeni, na lingefuata baya lingepita moja kwa moja kwenye mashine. Maabara tungekaa miaka bila kuliona hilo, kwa sababu kila anayekishika kwetu ana shahada. Sasa utepe wetu unakaa ndani ya kijaluba chenye picha, na maandishi ni makubwa.

Haya, malalamiko.

Ratiba yao imepangwa kwa watu wa programu za simu. Kijana wa meza ya jirani alikuwa anabadili bidhaa yake usiku na kuirudisha sokoni asubuhi. Sisi tunaagiza kingamwili, zile protini za kunasa sumu kwenye utepe, kutoka nje, zinasafiri kwenye baridi, zikifika uwanja wa ndege zinasubiri karatasi, na zikisubiri kwenye joto umenunua maji. Pesa ya kuanzia inatolewa kwa risiti za mwezi huohuo. Mwezi huohuo! Kila Ijumaa tulisimama mbele ya wote kueleza maendeleo ya juma, na juma zima maendeleo yetu yalikuwa ni kupiga simu kwa wakala wa forodha.

Halafu washauri. Wa kwetu ni kijana msikivu, anajua mahesabu ya fedha kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye. Ila kwenye vibali alituelekeza TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Masuala ya usalama wa chakula yalihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, na TFDA yenyewe ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Kuvuka barabara kuuliza kungetosha. Usajili wa kampuni kwa BRELA, wakala wa serikali wa kazi hiyo, ambao waliutengea mada ndefu, ulikuwa ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote: namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya mlipakodi (TIN), unajaza mtandaoni.

Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wako, wakaiweka mwishoni, nusu siku, baada ya chakula cha mchana. Hiyo ndiyo ingekuwa mada ya kwanza kabisa. Mtafiti wa chuo anapandishwa cheo kwa machapisho, kwa hiyo silika yake ni kuchapisha haraka. Ukishachapisha kabla ya kuomba hataza, Ulaya mlango umefungwa. Marekani wanakupa mwaka mmoja wa kuomba. Mwenzetu mmoja wa darasa alilisikia hilo siku ile, na makala yake ilishatoka zamani. Suala la nani mmiliki, wewe au mwajiri wako, nalo liliguswa kwa slaidi moja.

Mfano wao wa kila mara ulikuwa Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, aliyeshinda Africa Prize, tuzo ya uvumbuzi wa uhandisi, ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2015 kwa kichujio chake cha maji na kupata pauni 25,000. Mfano mzuri sana, lakini walikuwa wanakaa kwenye tuzo. Mimi ningetaka tukae kwenye vituo vyake vya maji, yaani uamuzi kwamba mwananchi anunue maji safi badala ya kununua kichujio. Pale ndipo pana somo la biashara.

Kubwa lililonikera ni maandalizi ya kusimama jukwaani mbele ya wawekezaji. "Dokta, hiyo slaidi ya makosa ya kipimo itoe, mwekezaji ataogopa." Sikuitoa. Sumukuvu haikai sawasawa kwenye gunia. Punje chache zinaweza kubeba sumu ya mzigo mzima, na ukichota vibaya hakuna kipimo duniani kitakachokuokoa. Anayeweka hela yake kwetu ni lazima alijue hilo. Wawili waliokuja kuzungumza nasi baadaye waliuliza kuhusu slaidi hiyohiyo.

Nani aende? Kama hujawahi kukaa na mnunuzi nusu saa bila kumfundisha kitu, nenda, hata kwa asilimia 6. Lakini kwanza malizana na chuo chako kuhusu hataza, na makala yako ibaki kwenye droo. Kama bidhaa yako inakaa kwenye friji, siku ya usaili waulize wewe: nani kati yenu amewahi kutoa mzigo wa baridi bandarini au uwanja wa ndege? Wakitazamana, omba tarehe za kuwasilisha risiti zisogezwe, na ziandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini.