Kalamu mbili za mbao ngumu: ya mpingo imedumu, ya mutamaiyu imepasuka

Nilizinunua Desemba kwa fundi mmoja wa kukereza mbao huku Kariobangi. Moja ni yangu, nyingine nilimpelekea baba, mwalimu mstaafu anayeandika hesabu za chama chao kwa mkono mpaka leo. Shilingi 3,500 kila moja. Kwa pesa hiyo ungenunulia ukoo mzima biki, kwa hiyo sikwenda pale kuchekelea tu.

Kuchagua mbao ndiyo raha yenyewe. Fundi alinimwagia mezani vipande vifupi vifupi, akavipangusa kwa kitambaa chenye maji ili rangi itokee. Nikauona mpingo mara moja. Sisi watu wa Wamunyu, kule Ukambani kwa wachonga vinyago, tunaujua. Ndio uliowapa wachongaji wetu jina, wakaukata mpaka ukawa adimu, wakahamia mti mwingine, muhugu. Alitosa kipande kwenye ndoo, kikazama kama jiwe. Katikati ni mweusi wenye zambarau kidogo, pembeni una ukanda wa rangi ya maziwa. Nikamwambia asiutoe ule ukanda. Ya baba nikachagua mutamaiyu, mzeituni wa porini, wenye michirizi ya kahawia inayopinda kama moshi wa jikoni asubuhi. Kwa urembo, huo ndio uliushinda mpingo.

Aliniruhusu nikae nitazame. Kutoboa ndiko kulikomchukua muda: tundu la milimita 7 katikati ya kipande, na kila baada ya muda mfupi anachomoa keekee ipoe, maana joto hupasua mbao. Mpingo una mafuta, basi akaupangusa kwanza kwa asetoni, la sivyo gundi haishiki kile kibomba cha shaba cha ndani. Kwenye mashine patasi ilitoa nyuzi nyeusi zilizomwangukia mpaka viatuni. Kisha msasa, wa kukwaruza hadi ule laini kama karatasi, na gundi ya kung'arisha tabaka juu ya tabaka. Nilipofika nyumbani nikapenga kamasi, leso ikawa nyeusi. Ukienda, vaa barakoa.

Yangu naitumia kila siku ofisini. Ina uzito kidogo, haitelezi, na ukanda ule mweupe kila mtu anauulizia. Kasoro zipo: rangi ya dhahabu kwenye kishikizo imeanza kuchubuka (vyuma huagizwa vikiwa tayari, fundi hutengeneza mbao tu), na refili yake ni ile nyembamba. Nilizunguka maduka matatu mjini, wote wakanitolea ile nene ya Parker, ambayo haiingii. Chukua refili tatu nne hapo hapo kwa fundi.

Sasa ya baba. Wiki ya sita akanipigia: "Kalamu yako imefungua mdomo." Ufa mwembamba kama unywele, kutoka kwenye pete ya katikati hadi karibu na ncha. Mbao pale imebaki unene wa nusu milimita hivi juu ya shaba. Ikiendelea kukauka inasinyaa, shaba haisinyai, basi inapasuka. Nilimtumia fundi picha kwa WhatsApp. Kwanza akaniuliza kama iliachwa juani ndani ya gari. Mzee hana gari. Ndipo akakiri mti ule ulikatwa mwaka jana tu, haukuwa umekauka sawasawa. Hilo angeniambia nikiwa bado na pesa mfukoni. Lakini hakubisha zaidi: niirudishe, ataweka mbao nyingine bila malipo.

Nampa nyota nne kwa mpingo, mbili kwa mutamaiyu. Ukitaka mti wa michirizi, muulize umekauka kwa muda gani kabla hujatuma M-Pesa.

Ahadi ya kutengenezewa upya siwezi kuithibitisha. Niliposhuka Wamunyu kuichukua kalamu, nilikuta mzee ameshaizungushia uzi wa kushonea viatu na kuupaka gundi, anaandika majina ya waliokosa mchango. Alikataa katakata kunipa.