Vibao vyeupe vya mkononi kwenye kipindi cha Kiingereza: uzoefu wangu hapa Lamu

Seti niliyonunua ina vibao 30 vya ukubwa wa A4, kalamu 30 za wino unaofutika na vifutio vya sifongo. Nimeitumia muhula mzima na Gredi ya Nne, wanafunzi 50, kipindi cha dakika 35. Vibao navisifu kwa moyo mmoja. Kalamu zake, hapana.

Faida ya kwanza ni koo la mwalimu. Ukiuliza swali kwa mdomo, watoto 50 wanajibu kwa pamoja, nawe unapandisha sauti juu ya zao. Ikifika Alhamisi huna sauti. Kwa vibao, jibu linaonekana badala ya kusikika. Soma swali mara mbili kwa sauti ya kawaida, waandike wakiwa wamekilaza kibao, kisha onyesha vidole vitatu, viwili, kimoja: vibao juu. Macho yanapita safu kwa safu, unajua nani kaelewa na nani kachungulia kwa jirani, na jioni hiyo huna daftari 50 za kubeba nyumbani. Insha bado zinataka daftari, lakini mazoezi madogo ya sarufi yanamalizikia darasani.

Usimpe kila mtoto kibao chake. Wawili kibao kimoja: mmoja anaandika, mwenzake anafuta, wanabadilishana kila swali. Vinatumika 25, vitano vinakaa akiba. Kila safu iwe na mtoto mmoja wa kugawa na kukusanya, la sivyo kugombania kutakula robo ya kipindi. Dakika 12 zatosha. Zikizidi wanaanza kuchora samaki.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa "ship" na "sheep". Kiswahili kina irabu tano tu, kwa hiyo mtoto hutia maneno hayo mawili katika "i" moja. (Sauti ya "th" haimsumbui, anayo kwenye thelathini na dhahabu, usipoteze muda hapo.) Chora ubaoni meli chini ya namba 1 na kondoo chini ya namba 2. Tamka neno moja, wao waandike namba tu. Rudia mara kumi bila kufuata zamu, maana ukipokezanisha 1, 2, 1, 2 watakisia. Vibao vyenye makosa vikizidi nusu, waonyeshe mdomo wako: kwa "sheep" midomo inatanuka na sauti inavutwa, kwa "ship" midomo inalegea na sauti inakatika upesi. Wakishika, mpe mtoto mmoja kazi ya kutamka. Wenzake wakiinua namba asiyoikusudia, anajirekebisha mwenyewe, na darasa zima linacheka naye.

Kwa "he" na "she", ambazo "yeye" yetu imezifunika, simulia kisa kifupi na kila ukifika kwenye kiwakilishi nyamaza, wakiandike. Kwa "behind" na "between", wachore unachosema: "The donkey is between the mosque and the well."

Sasa kalamu. Zilizokuja na seti zina ncha laini mno. Watoto hukandamiza kama penseli, ncha inazama ndani. Wiki ya tatu 11 zilikuwa zimekufa. Tafuta zenye ncha nene na ngumu, na uwazoeze kusikiliza kifuniko kikilia "tak", kwa sababu wino huu hukauka haraka kwenye joto letu. Zihifadhi zimelala, zikisimama ncha juu, wino unashuka mbali na ncha.

Futa siku hiyo hiyo. Maandishi yakilala wikendi nzima yanaacha kivuli, na kivuli hakitoki ila kwa kitambaa chenye spiriti ya hospitali. Mtoto akitumia kalamu isiyofutika kwa bahati mbaya, pitisha wino unaofutika juu ya maandishi yale yale, ufute yangali mabichi: yanatoka yote mawili. Vifutio vya sifongo vilichanika mapema. Vipande vya fulana kuukuu vya sentimita 10 kwa 10 vinafanya kazi vizuri zaidi, mradi uvikung'ute mchanga, kwani chembe moja inachora mikwaruzo ambayo wino hujificha humo.

Ndani ya kibao ni mbao ya kushindiliwa. Unyevu wa pwani unaingilia kingo, zinavimba kama mkate uliolowa. Kabla ya siku ya kwanza zungushia kingo zote selotepu pana, na usioshe kibao bombani.

Ukiagiza kutoka bara, mwambie muuzaji aongeze kalamu badala ya vifutio, na sanduku lifungwe kwa turubai kabla ya kupakiwa mashuani Mokowe, gati ya bara tunakovukia kuja kisiwani. Langu lilifika limelowa maji ya chumvi upande mmoja, na vibao vinne vya chini vilikuwa vimeshavimba kabla sijavigusa.