Baada ya wembe: cha kumpaka Papa shingoni, na kwa nini naanza kwa kuangalia mdomo wa chupa

Kila Jumamosi asubuhi namnyoa Papa, baba yangu. Mkono wake wa kuume ulianza kutetemeka miaka miwili iliyopita, naye ni mtu aliyejinyoa mwenyewe kila siku ya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, kwa burashi, sabuni na mashine ya chuma ya wembe mmoja. Mashine ya umeme ya kinyozi haitaki hata kuiona. Basi nimejifunza. Tunakaa barazani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, yeye kitini, mimi pembeni yake na beseni la maji ya moto, na kunyoa kwenyewe sasa nakuweza. Kilichonisumbua ni kile kinachokuja baada ya wembe.

Mwaka jana mwezi wa sita, baridi ya asubuhi ilipoingia na vumbi jekundu likaanza kutanda mjini, shingo ya Papa ilianza kuwaka kila nikimaliza kumnyoa. "Mama, inachoma," aliniambia, na Papa si mtu wa kulalamika. Nikaenda mjini kati, nikaingia duka moja la vipodozi, nikaomba kitu cha kutuliza ngozi ya mzee. Muuzaji alishusha kopo zuri, pana, limeandikwa kwamba ni la wanaume wenye ngozi laini. Akalifungua mbele yangu: "Nusa, mama. Jaribu." Nikatia kidole, nikapaka mkononi, nikapenda. Nililipa dola kumi na mbili. Sikujiuliza ni vidole vya watu wangapi vilivyoingia kabla ya changu.

Baada ya wiki mbili shingo ya Papa ilikuwa na vipele vyenye usaha, vingine vikubwa kama punje ya mtama. Nilidhani ni krimu imemkataa. Tulipofika zahanati, muuguzi alilitazama kopo, hakusoma hata jina, akaniuliza swali moja tu: "Mnaichota na nini?"

Tulikuwa tunaichota na kidole. Changu, chenye maji ya beseni. Cha Papa, siku ambazo alijipaka mwenyewe. Na mara moja moja cha mtoto wa dada yangu, aliyeipenda harufu. Maji yenyewe ni ya bidoni, yaani dumu, kwa sababu bomba letu linatoa maji linapotaka. Kila kidole kilipeleka kitu ndani, na kila Jumamosi nilikichukua kitu hicho nikakipaka juu ya ngozi iliyotoka kukwanguliwa na wembe.

Tangu siku hiyo nimeulizwa na akina mama kanisani, na vijana wawili wa mtaani wenye shingo zilizojaa vipele, ninunue nini, nimpake nini. Wote wanaanza na harufu, au na bei, au na picha ya mwanamume aliyeko kwenye boksi. Hayo mtayaamua wenyewe. Mimi nawaomba mwangalie kwanza mdomo wa chombo.

Wembe hauondoi nywele peke yake. Unachukua na tabaka jembamba la juu la ngozi, unaacha mikwaruzo ambayo macho hayaioni, na ndiyo maana maji ya chumvi au limau yakigusa hapo unaruka. Kwa saa chache mlango wa ngozi uko wazi. Krimu yoyote iliyo laini, nyeupe, inayopotea ukiisugua, ina maji ndani yake, na penye maji vijidudu vinaishi. Kiwanda huweka dawa ya kuzuia visizaliane, lakini dawa hiyo haikupimwa kwa kopo linalotumbukizwa vidole vya familia nzima pamoja na vya wateja wa duka. Chombo chenye tundu dogo, tyubu au pampu, kinatoa na hakipokei. Kopo pana linatoa na kupokea. Geuzeni pia chombo mtafute picha ndogo ya kopo lililo wazi lenye namba na herufi M, kwa mfano 12M: ni miezi ambayo kitu hicho hukaa kizima tangu siku kilipofunguliwa. Kopo langu lilifunguliwa lini? Muuzaji tu ndiye anayejua, kama naye anajua.

Sasa nipange.

Ya kwanza kwangu ni Nivea Men Sensitive, ile losheni ya baada ya kunyoa, chupa ya mililita 100. Sifichi, naipenda, na nyumbani kwetu imebaki hiyo. Mdomo wake ni mwembamba, unaigonga kidogo kiganjani, linatoka tone la kutosha shingo na mashavu, na hakuna kinachorudi ndani. Haina ile alkoli inayounguza. Ina gliserini nyingi, ambayo huvuta maji na kuyashika kwenye ngozi, na ina kamomili, ua la kutuliza ngozi. Papa nikimpaka anafumba macho, halafu hasemi kitu, na kunyamaza kwake nakuelewa. Kasoro yake ni kwamba imetiwa manukato, kidogo lakini yapo, kwa hiyo mwenye ngozi inayokataa manukato aipake kwanza nyuma ya sikio, asubiri siku mbili. Na msikubali mtu awauzie krimu ya Nivea ya kopo la bluu badala yake akisema ni kitu kimoja. Krimu ile ni ya tangu 1911, kopo likawa la bluu 1925, bibi zetu wameitumia na ngozi zao zilikuwa nzuri, nami napaka visigino vyangu. Lakini ni kopo la kutumbukiza kidole. Juu ya ngozi iliyotoka kunyolewa, hapana.

Ya pili ni tyubu ya farmasi yenye pantheno, kitu kinachosaidia ngozi kupona, na inayojulikana zaidi ni Bepanthen, marhamu yenye dekspantheno asilimia 5. Mama wengi wanaijua kwa makalio ya watoto wachanga. Ni nzito, inang'arisha uso, kijana hawezi kuipaka asubuhi akaenda kazini. Lakini siku wembe umekwaruza kweli, au kiangazi kimepasua ngozi, usiku paka tabaka jembamba tu, asubuhi utaona tofauti. Tyubu ya chuma ina sifa moja ninayoipenda sana: ukiiminya inabaki imebonyea, haivuti hewa wala uchafu kurudi ndani.

Ya tatu ni shabu, lile jiwe linaloonekana kama barafu, ambalo farmasi zetu huliita kwa Kifaransa pierre d'alun. Hapa nitakaa kidogo, maana wazee wanaliamini na wana haki. Ukimaliza kunyoa, suuza uso kwa maji baridi, lowesha jiwe, lipitishe taratibu. Linakaza ngozi, linazuia damu ya mikato midogo, linapunguza vijidudu. Pia linakusema: panapouma sana ndipo ulipokandamiza wembe, na Jumamosi ijayo utapunguza mkono. Mimi nilijifunza kunyoa chini ya kidevu cha Papa kwa jiwe hilo kuliko kwa maneno ya mtu yeyote. Acha dakika moja, halafu suuza. Wengi hawasuuzi, ndiyo maana ngozi inakauka na kuvuta, kisha wanasema jiwe ni baya. Haliongezi unyevu wowote, kwa hiyo likifuatwa na losheni ya kwanza niliyoitaja, kazi imekamilika.

Jiwe halina mdomo, mtasema. Kweli, lakini lina uso, na uso huo unagusa damu. Nimeona kwa vinyozi jiwe moja likipita shingo ya huyu, kisha ya yule, linapanguswa na kitambaa kilekile. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Siku saba! Jiwe la shabu ni kama mswaki. La Papa ni la Papa, linakaushwa, linakaa peke yake mahali pakavu. Ukienda kunyolewa, nenda na lako mfukoni, na kinyozi akikasirika mwache akasirike.

Vya bei ndogo vipo, nitavipitia haraka. Gliserini ya chupa ni nzuri ukiichanganya na maji kiganjani, sehemu moja kwa mbili au tatu. Ikipakwa peke yake wakati wa kiangazi inanata, na inaweza kuvuta unyevu kutoka kwenye ngozi yenyewe. Vazelini na siagi ya karite (shea) hazina maji, hivyo haziharibiki upesi kama krimu, ila vidole vyenye maji vinaweza kuziharibu pia: choteni kwa kijiko kikavu. Mshubiri wa uani unapoza, lakini ukikata jani acha kwanza ule utomvu wa njano udondoke, maana ndio unaowasha.

Kuna na vitu vyenye mdomo mzuri ambavyo sitaviingiza nyumbani. Manukato ya kunyolea ya aina ya zamani, yale ya kupiga mashavuni mpaka machozi yatoke, yana tundu dogo safi kabisa, na ndani ni alkoli. Kwenye orodha ya vilivyomo tafuteni maneno alcohol denat.; yakiwa mwanzoni mwa orodha, rudisheni chupa. Msiogope cetyl alcohol wala cetearyl alcohol. Hizo ni za mafuta, zinalainisha, haziunguzi. Spiriti na dawa za kusafishia vidonda zilizo kali, vilevile hapana.

Na hii naisema kwa uchungu: tyubu za klobetasoli. Zipo kila meza ya soko, kuanzia soko la Kenya, kata ya hapa Lubumbashi, mpaka mjini kati, ndogo, rahisi, za rangi nzuri. Vijana wanaambiwa zinamaliza vipele vya ndevu kwa siku tatu. Ni kweli vinalala siku tatu. Klobetasoli iko katika kundi la steroidi (dawa za kuzima uvimbe) kali kuliko zote zinazopakwa ngozini. Daktari huitoa kwa ugonjwa maalumu, kwa muda mfupi, na mara nyingi hukwepa kabisa uso. Ukiizoesha shingo, ngozi inakuwa nyembamba, inapauka, mishipa midogo inaanza kuonekana, na siku ukiacha vipele vinarudi kwa hasira kuliko mwanzo. Mmoja wa wale vijana wawili wa mtaani ameipaka miezi mitano. Ana miaka kumi na tisa. Nimemshika mkono nikampeleka kwa daktari, kwa sababu kuiacha nako kunataka uangalizi.

Kwake na wenzake niliongeza jambo ambalo chupa yoyote haiwezi kulitibu. Nywele zetu zimejisokota. Wembe ukizikata karibu mno zinabaki na ncha kali, zinajikunja, zinarudi kuchoma ngozi, na hapo panavimba. Nyoeni kufuata nywele zinakoelekea, msivute ngozi, msipite mara tatu mahali pamoja, na ikiwezekana acheni siku mbili tatu zipite. Vipele vikiwa vingi, acheni kabisa kunyoa kwa majuma kadhaa.

Turudi kwa wauzaji, maana bado moyo wangu haujatulia. Hapa Lubumbashi ukitoa noti ya dola, muuzaji anaiinua juu kwenye mwanga. Anapitisha kucha pembeni. Kukiwa na mchaniko mdogo usiozidi kichwa cha sindano, anakurudishia: "Hii haipiti, mama." Nimerudishiwa noti mara ngapi! Lakini mtu huyohuyo anakupa kopo ambalo karatasi yake ya ndani imekwisha banduliwa, lina alama ya kidole cha mwingine juu ya krimu, na anashangaa ukiuliza. Fedha yangu lazima iwe nzima, dawa ya ngozi ya baba yangu iwe ya kuchezewa? Wengine wanamimina kutoka vyombo vikubwa kwenda vidogo nyuma ya duka na kubandika maandishi upya. Na neno "homme", yaani mwanamume, peke yake linapandisha bei. Nimeona losheni mbili zenye vilivyomo vilevile, za kampuni moja, ya wanaume ikiwa juu kwa dola tatu. Wanasema ni ushuru wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ushuru unajuaje chupa ni ya mwanamume?

Kwa hiyo sasa nanunua hivi. Naomba iliyo ndani ya boksi, siyo ile ya mezani. Nafungua mbele yake kabla sijatoa fedha, naangalia kifuniko kama kimewahi kuzungushwa, kama kuna losheni iliyokauka mdomoni mwa chupa, naangalia tarehe. Akiniambia "mama, hatufungui", namwambia basi hatununui, naondoka. Wiki iliyopita niliondoka maduka matatu. La nne ni farmasi ndogo, karibu na kituo cha basi, na dada aliyekuwa pale alinipa boksi kabla sijaomba, akasema, "Fungua mwenyewe, ya mzee haitakiwi kuguswa na mtu." Nilinunua mbili.